Mshumaa wa Kumi na Tano

Rafiki yangu ni mmoja tu, na nilimpata kwa sababu ya kosa la mama.

Tulikuwa na miezi michache tangu tufike huku ughaibuni kutoka Morogoro. Jengo letu ni refu, liko karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, lina lifti mbili na moja huwa mbovu. Siku hiyo tulitoka dukani, lifti ikafunguka, ndani tukamkuta mama mmoja mweusi kama sisi, kichwani amefunga kitambaa kwa nyuma vilevile anavyofunga mama, mkononi ana mfuko wa ndizi mbichi na nazi mbili juu yake. Kando yake alisimama binti wa rika langu. Mama hakujiuliza mara mbili.

"Habari za jioni, dada. Hizo nazi mmezipata wapi?"

Yule mama akatabasamu, akajibu maneno mengi sana. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ni Mmakonde?"

Binti ndiye aliyesema kwa Kiingereza kwamba wao wanatoka Ekwado, Amerika ya Kusini, kwenye pwani, na kwamba mama yake anasema nazi zinauzwa kwa Wavietinamu, ukivuka barabara. Nikamfasiria mama.

"Amerika ya Kusini, weusi hivi?" mama akasema. Bahati nzuri alisema kwa Kiswahili.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mama zetu hawakuwa na lugha moja hata ya kuombana chumvi, lakini walipelekeana sahani. Siku ya kwanza kula samaki wao wa nazi, mama alitafuna polepole, akasema yule mwanamke ni wa Tanga, anatuficha tu. Mama wa rafiki yangu alimwita mama yangu *vecina*, maana yake jirani. Mama yangu alimwita yeye Mama Nazi. Mimi nilimwamkia shikamoo kila nilipomwona kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea, na baada ya muda akajifunza kuitikia marahaba, ile r ikivuma kama pikipiki.

Mimi siongei sana. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo mwalimu hulazimika kusogea mbele ili aisikie. Rafiki yangu anaongea, lakini kwa miaka miwili tulikula chakula cha mchana wawili tu, kwenye meza ya karibu na mapipa ya taka, kwa sababu yeye hakuwa na meza yake na mimi nilikuwa sitafuti.

Hakuwa na meza kwa sababu watu walimwona kwanza kabla hajafungua kinywa. Wasichana wanaoongea Kihispania, lugha ya kwao rafiki yangu, walikuwa na meza yao dirishani: wawili wa Meksiko, mmoja wa Kolombia, mmoja wa Salvador aliyezaliwa hapahapa. Walidhani ni Mjamaika. Wasichana wa Kiafrika walidhani ni Mghana anayejidai. Zilipokuja sherehe za utamaduni shuleni, chama cha wanafunzi wa Kiafrika kilimwomba abebe bendera.

"Ya nchi gani?" akauliza.

"Ya kwenu."

"Kwetu ni Ekwado."

"Hapana, tunamaanisha kwa asili."

Hakubeba. Tulikwenda kukaa maktaba mpaka sherehe zikaisha.

Halafu siku moja tulikuwa kwenye foleni ya kantini, wasichana wawili wa dirishani wako nyuma yetu wanaongea Kihispania. Nikaona shingo ya rafiki yangu imekakamaa. Akageuka, akawajibu. Sijui alisema nini, ila yalikuwa maneno marefu na ya haraka, na wale wawili wakabaki midomo wazi, kisha wakaanza kucheka na kumshika mikono kama waliokuta pete iliyopotea. Kumbe walikuwa wakizungumzia viatu vyake.

Tangu siku hiyo walimtaka. Lakini kila mara ilikuwa lazima atoe ushahidi. Akienda kukaa nao kidogo, alirudi kwenye meza yetu.

"Nimeulizwa tena."

"Umeulizwa nini?"

"Kama Kihispania nilijifunza shuleni."

Nilimsogezea chipsi zangu.

Kila baada ya wiki kadhaa nilimsuka. Nilijifunza kusuka kwa mama, na mama alijifunza kwa mama yake. Tulifanya Jumapili, jikoni kwao, yeye amekaa chini kwenye mto, mimi kitini, magoti yangu pembeni ya mabega yake, kitana na kopo la mafuta juu ya meza. Mama yake hupika huku amewasha redio ya simu. Nikiwa nasuka ninaongea. Labda kwa sababu mtu hanitazami.

Ilikuwa hapo jikoni, mwaka huu mwanzoni mwa baridi, aliponiambia kwamba atafanyiwa *quince*. Wao hutamka kinse. Kwao msichana akitimiza miaka kumi na mitano anafanyiwa sherehe kubwa karibu na harusi: gauni linalofika chini, taji, wasichana wa kumsindikiza, dansi waliyoifanyia mazoezi. Anaingia amevaa viatu bapa, na mbele ya watu wote baba yake anapiga goti, anamvua, anamvalisha vya kisigino. Hapo ndipo anakuwa mwanamke.

"Wewe utakuwa msindikizaji," akasema.

"Mimi?"

"Wale wa dirishani wamekubali wote. Na wewe."

Nikasema nitakanyaga watu. Akasema basi nikanyage.

"Na kuna mishumaa," akaendelea. "Kumi na mitano. Unampa kila mtu mmoja mmoja, unasema kwenye kipaza sauti huyu ni nani kwako. Wa mwisho ndio wa mtu wa karibu kabisa. Huo ni wako."

Mkono wangu ulisimama kidogo kwenye nywele zake, kisha ukaendelea.

"Utasema nini?"

"Nitasema nilipofika hapa sikuwa na mtu wa kukaa naye, na wewe ukakaa."

Nilikuwa nimeshika nywele nyembamba za pembeni, za karibu na sikio, zinazotaka uangalifu.

Nilikuwa nauogopa ule mshumaa na nilikuwa nautaka. Nilifanya mazoezi bafuni ya jinsi ya kutembea mbele za watu: hatua, hatua, pokea kwa mikono miwili, usiangalie chini. Sijawahi kuitwa mbele ya watu kwa jambo zuri.

Nilimwambia mama, na mama akaelewa kwa njia yake.

"Kumbe wanamtoa mwali."

"Si hivyo, mama."

"Si hivyo vipi? Anaingia ndani mtoto, anatoka mkubwa, watu wanakula na kucheza. Mimi nilitolewa kijijini nimebebwa mabegani, vumbi mpaka puani. Wewe ndiyo hukutolewa, tulikuwa tumeshakuja huku." Akakunja nguo aliyokuwa anapiga pasi. "Nitaomba ruhusa kazini. Na huo mshumaa wako nitaupiga video, bibi yako aone."

Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulea wazee, na kupata Jumamosi si kazi ndogo. Aliipata.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi mdogo wa chini wa jengo letu, jirani na chumba cha kufulia, kwa hiyo wakati wote kulinukia sabuni. Aliyetufundisha dansi ni yule wa Meksiko aliye mrefu, ambaye husimama amejishika kiuno hata akinywa maji. Nilikosea hatua ileile mpaka wote wakajua mahali nitakapokosea.

"Wewe ni Mwafrika wa aina gani hujui kucheza?" akaniuliza.

"Wa aina hii," nikasema.

Walicheka sana, na mimi pia, na nadhani ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo nao. Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mrefu usoni, kama mtu anayeangalia kama maji yamechemka.

Alhamisi kabla ya sherehe alifika mama yake mkubwa kutoka New York, na taji ndani ya kisanduku cha kofia. Si mtu mbaya. Aliniletea juisi bila kuombwa. Akamkalisha rafiki yangu, akamjaribisha taji, likateleza. Akajaribu tena. Akazungumza na mama yake muda mrefu, mama yake akajibu kwa kifupi, kisha rafiki yangu akanigeukia.

"Anasema haliwezi kukaa juu ya misuko. Na picha zinakwenda nyumbani. Kesho ananipeleka saluni zinyooshwe."

"Sawa."

"Ni kwa siku moja tu."

"Sawa."

"Utanisaidia kufumua?"

Nilikuwa nimemsuka Jumapili ya wiki ileile, vizuri kuliko siku zote, mistari imekwenda nyuma ikazunguka mahali nilipodhani taji litakaa. Nikakaa kitini, akakaa chini kwenye mto. Nikatia mkia wa kitana kwenye msuko wa kwanza. Kufumua hakuna ufundi, unachukua tu na kuachia. Mama yake mkubwa alisimama akitazama vidole vyangu, akasema kitu, na rafiki yangu akanifasiria kwamba anashangaa ninavyofanya haraka. Nikasema asante. Nywele zilipoisha kufumuliwa zilisimama zote, kubwa, zimejikunja kwa alama za misuko, na mama yake akaja akaziminya kwa viganja vyote viwili, akacheka, akarudi kwenye sufuria.

Jumamosi theluji ilianguka tangu asubuhi. Sherehe ilikuwa mchana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa tunakosali wote. Mama alikuja amevaa kitenge chake cha Pasaka na buti za theluji, viatu vyake vya kweli viko kwenye mfuko, akabadilisha mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshavaa gauni la zambarau iliyopauka sawa na wenzangu. Rafiki yangu alitoka chumba cha nyuma, nywele zimelala mabegani, zinang'aa, taji limekaa. Alikuwa mzuri. Ilinichukua muda kidogo kumzoea.

Dansi ilipita. Nilikosea palepale, na yule mrefu akanifinya mkono ili nirudi kwenye mstari.

Kisha wakaweka kiti katikati. Baba yake yuko Ekwado, hajapata kibali cha kuja. Binamu mmoja alishika simu juu ili baba aone, na mume wa mama mkubwa akapiga goti badala yake. Akamvua kiatu kimoja, akamvua cha pili. Akamvalisha vya kisigino, vya rangi ya fedha. Rafiki yangu akasimama juu ya visigino, akayumba, akatulia.

Na mama akapiga kigelegele.

Alikipiga kamili, kile cha kwao, chembamba kinachopanda kisha kinakatika na kupanda tena, mkono mdomoni, amesimama. Kijijini wangempokea kumi. Hapa hakuna aliyempokea. Vichwa vyote viligeuka kwenye meza yetu ya nyuma. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mama akamaliza, kwa sababu kigelegele hakiachwi katikati, kisha akaketi, akajipangusa kitenge mapajani.

Mama wa rafiki yangu aliweka mkono kifuani akamtabasamia. Nilimwona. Lakini rafiki yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na mama yake mkubwa akainama sikioni kwake akauliza swali. Sikulielewa swali, ila macho yalikuwa kwa mama yangu, kisha kwangu. Jibu nililielewa. Alisema sisi ni *vecinas*. Alisema bila kutuangalia, kama unavyomweleza mtu kelele za ghorofa ya juu.

Mishumaa ilikuwa mezani, kila mmoja kwenye glasi yake. Akaanza. Wa kwanza ulikuwa wa baba, ukawekwa mbele ya simu. Wa pili wa mama, wakalia wote wawili. Bibi yake aliyefariki. Mama mkubwa na mumewe. Padri. Binamu kadhaa. Akaita wasichana wa dirishani mmoja mmoja, wakapokea na kukumbatiana, na kila mmoja alimfanyia mzaha kidogo watu wakacheka. Nyuma kule mama alikuwa amenyanyua simu, ameishika kwa mikono miwili, tayari.

Ulibaki mmoja. Yule mrefu wa Meksiko alikuwa bado hajaitwa, na mimi.

Rafiki yangu akachukua mshumaa, akashika kipaza sauti, akavuta pumzi. Nilikuwa nimeshasogeza mguu. Akaanza kwa Kihispania na nikafikiri labda ameamua kusema kwa Kihispania kwa ajili ya wageni. Kisha akataja jina, na halikuwa langu. Yule mrefu akaziba uso kwa viganja, akamkimbilia.

Nikaurudisha mguu. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu, na kile kiatu hakikuwa na kamba.

Nilisubiri nisikie kitu. Nilidhani kitakuja, kama mguu uliokaliwa vibaya unavyoanza kuchomachoma ukishaunyoosha. Hakikuja. Nilisikia friji ya ukumbi ikinguruma. Nilipiga makofi na wengine, na viganja vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyesimama pale pale nilipo.

Tulipokwenda kuchukua makoti alinifuata, kisigino kimoja kikigonga kwa nguvu kuliko kingine.

"Mama mkubwa alikuwa anatazama," akasema. "Tayari watu walikuwa wameanza kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Unajua. Kama sisi ni ndugu. Kama mimi ni wa kwenu." Alikuwa anachezea zipu ya koti la mtu. "Wangesema ndiyo maana. Ningekuita wewe wa mwisho, wangesema, ndiyo maana."

"Sawa."

"Na yeye amefundisha dansi yote."

"Ni kweli."

"Umekasirika?"

"Hapana," nikasema, na haikuwa adabu. Nilijitazama ndani kama mtu anayefungua kabati, na hasira haikuwepo. Hata huzuni sikuiona.

Kwenye basi mama alikaa dirishani, mfuko wa keki magotini.

"Nilikosea kupiga kigelegele?"

"Hapana, mama."

"Walinyamaza."

"Hawajazoea."

"Sasa mwali anasimamishwa vipi kimya kimya? Kama amefiwa?" Akafuta mvuke kwenye kioo kwa kiganja. "Basi angalau amepata kimoja."

"Ndiyo."

"Na ule mshumaa. Ulisema wa mwisho."

"Nilielewa vibaya."

Mama akanitazama muda mrefu. Ana macho ya kuangalia wazee wanaosema hawaumwi. Kisha akatoa simu, akaifungua ile video, akaifuta mbele yangu, akarudisha simu mkobani. Akanipa kipande cha keki nile palepale kwenye basi, jambo ambalo siku zote ananikataza.

Jumapili rafiki yangu alinitumia picha moja ya wasindikizaji wote. Mimi niko mwisho, nusu ya sikio imekatwa. Nilimjibu kwamba ni nzuri.

Jumatatu nilipoingia kantini alikuwa meza ya dirishani, nywele zimeanza kujikunja tena mizizini. Akanyanyua mkono kuniita. Nikaiangalia meza yetu ya mapipa; walikuwa wamekaa wavulana wa darasa la chini. Nikaenda nikakaa mwisho wa benchi, nikafungua kontena la wali. Walikuwa wanaangalia video za sherehe, wanarukaruka kutoka moja kwenda nyingine, na mara kile kigelegele kikatoka kwenye simu ya mtu, kidogo, kama cha ndege.

"Subiri, rudisha," akasema yule mrefu. "Huyu ni nani?"

Rafiki yangu alikuwa ananywa maji. Akashusha chupa. "Jirani."

"Ni mama yangu," nikasema.

Sauti ilitoka kawaida. Hakuna aliyehitaji kusogea ili aisikie. Rafiki yangu akafunga kizibo cha chupa, akakifungua, akakifunga.

"Mama yako?" Yule mrefu akaicheza tena, akaweka sikio karibu. "Sikiliza, sherehe yangu ni mwezi wa tano. Mwambie aje. Shangazi zangu hukaa kama wako kwa daktari wa meno. Anaweza kufanya mara ngapi?"

"Mara nyingi tu."

"Basi imekwisha, nimemwajiri."

Yule wa Kolombia akajaribu kupiga kigelegele, akakohoa, chakula kikamtoka, wote wakaangua kicheko. Wa Salvador naye akajaribu. Hakuna aliyeuliza nani ni wa wapi. Rafiki yangu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatafuta, nadhani, lile alilokuwa analiogopa, na halikuwepo kwenye meza. Kisha na yeye akacheka, amechelewa kidogo, huku akinitazama mimi. Nikainama kwenye wali wangu.

"Utamwambia?" yule mrefu akauliza tena.

Nikamwambia nitamuuliza. Jioni mama alirudi kutoka kazini, akavua buti, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu akiwa bado na koti, akaniuliza shule ilikuwaje. Nikasema ilikuwa nzuri, habari ya mwezi wa tano nikaiweka kwanza, na nikamsogezea miguu yake karibu na kipasha joto.